Ugonjwa wa Mtoto na Mashtaka ya Ukoo



Mtoto anacheza mpira na wenzake, mara anaanguka na kuzimia. Hospitalini wazazi wanaelezwa kwamba misuli ya moyo wake ni minene kupita kiasi, na kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi. Neno hilo “kurithi” likifika nyumbani hugeuka mashtaka. Ukoo wa baba huuliza: “Mwanamke huyu ametuletea nini?” Tangu siku hiyo mama hubeba mizigo miwili: ugonjwa wa mwanawe na hukumu ya ndugu.

Hukumu hiyo haina haki. Ugonjwa huu, unaokadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila watu 500, hupitia kwa baba sawasawa na kwa mama. Mzazi mwenye kasoro hiyo katika chembe zake za urithi aweza kuishi miaka mingi bila kuhisi lolote. Hata hivyo kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Mara nyingine kasoro huanzia kwa mtoto mwenyewe. Hakuna aliyeichagua, wala hakuna aliyerogwa. Wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Bwana alikataa kuwatwika lawama yeye au wazazi wake.

Twasisitiza jambo hili kwa sababu aibu huzaa siri, na siri yaweza kuua. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé, mchezaji wa timu ya taifa ya Kamerun, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, akafa akiwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulionyesha ugonjwa huu huu. Familia inayoficha huwanyima ndugu za mgonjwa nafasi ya kupimwa mapema. Wazazi nao wapimwe, wote wawili. Baba anayekataa kupimwa kwa kuogopa kuonekana mkosaji anaweka rehani uhai wa wanawe ili kulinda heshima yake.

Neno la daktari si hukumu ya kifo. Wengi huishi miaka mingi kwa dawa, vipimo vya mara kwa mara na kuacha michezo ambayo daktari ameikataza. Basi mtoto aambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake, na mwalimu wake ajulishwe. Lakini asifungiwe ndani kama mfungwa. Na yeyote anayewashauri wazazi waache dawa kwa kuwa mtoto amekwisha kuombewa, anawapotosha. Sala na dawa havigombani.

Papa Yohane wa XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyataja matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Haki hiyo na ianzie jumuiyani. Kutoka vigango vingi, safari ya kwenda kwa daktari bingwa wa moyo ni ndefu na ya gharama. Viongozi wa walei, katika Jumuiya Ndogo Ndogo ulizeni: nani atachangia nauli? Nani atabaki na wadogo zake? Nani atamwambia shangazi anyamaze?

Tukifanya hivyo, mama yule atabakiwa na mzigo mmoja tu, na huo nao tutaubeba pamoja naye.