Timu imeshuka: tunanung'unika au tunauliza?



Hapa Kashai, mjini Bukoba, ibada ya kwanza ikimalizika watu hawatawanyiki mara moja. Kuna mnada wa mazao yaliyoletwa kama sadaka: mkungu wa ndizi, kuku, kikapu cha maharage. Wazee wanasimama kando wakitafuna kahawa, na vijana wanasogea upande wa bodaboda. Kwa muda mrefu sasa mazungumzo ya makundi yote mawili yamekuwa yaleyale: timu. Si Arsenal wala Manchester United, ingawa nazo zina watu wake. Wanaongelea Kagera Sugar, timu iliyokuwa ikiufanya Uwanja wa Kaitaba utajwe redioni nchi nzima, na ambayo mwisho wa msimu wa 2024/25 ilishuka daraja pamoja na KenGold ya Mbeya.

Kijana mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwalimu, hivi kuisema timu vibaya ni dhambi? Maana mimi nina hasira. Nataka kujua nani aliiharibu, na sijui nimwulize nani."

Nimelibeba swali lake hadi kwenye safu hii. Naomba tulitafakari pamoja, hata wewe usiyejua mpira, kwa sababu halihusu mpira peke yake.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kagera Sugar ilikaa Ligi Kuu takriban miaka 20. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi lilipiga mkoa wetu, likaua ndugu zetu na kubomoa maelfu ya nyumba. Msimu ule ule, wengine wakiwa bado wanalala chini ya maturubai, timu chini ya kocha Mecky Maxime ilimaliza ligi ikiwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba tu. Mei 2018 iliifunga Simba bao 1-0 jijini Dar es Salaam siku ya kukabidhiwa kombe, Rais Magufuli akiwa uwanjani, na rekodi ya Simba ya kutofungwa msimu ule ikaishia hapo. Watu wa Bukoba tulitembea vifua mbele wiki nzima.

Lakini dalili nazo zilikuwepo. Mwaka 2019 ilibidi timu icheze mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza ili isishuke. Na msimu wa 2024/25 ilipitia mikono ya makocha watatu: Paul Nkata, Melis Medo, kisha Juma Kaseja. Nyumba inayobadilisha fundi mara tatu kabla ya kupaua, hata mpita njia anajua kuna tatizo kwa mwenye ramani.

Hapo ndipo hasira ya kijana yule inapoanzia. Kushindwa anakujua, kila shabiki wa timu ya mkoani amezoea kushindwa. Kinachomuuma ni kwamba hakuna aliyemweleza kitu. Na akitaka kuuliza, hana mlango wa kugonga.

Tuwe wakweli, ndugu msomaji: timu hii ni ya nani? Ni ya kiwanda cha sukari kilichoko wilayani Misenyi. Mimi na wewe tunaiita "timu yetu", lakini hatuna kadi ya uanachama, hatuna mkutano mkuu, hatupigi kura. Hali hii haiko Kagera tu. Mtibwa ni ya kiwanda, Azam ni ya kampuni, na zipo timu za majeshi na za halmashauri. Simba na Yanga asili yake ni klabu za wanachama, na zilipoingia katika mabadiliko, utaratibu uliwekwa kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Hata hivyo kadi nayo si dawa ya kila kitu. Machi 8, 2025 watani hao walitakiwa kucheza, mashabiki wakiwa wamekwisha kusafiri kutoka mikoani na kukata tiketi, na mchezo ukaahirishwa siku hiyo hiyo. Ulichezwa Juni 25. Kwa mtu aliyetoka Bukoba kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,300, kufika na kuambiwa hakuna mchezo ni jambo la kuumiza.

Kwa hiyo mashabiki wetu wamebaki katika hali ya ajabu: wana mapenzi bila haki ya kuuliza. Mwenye mapenzi akikosa mahali pa kuyapeleka maumivu yake, mwisho wake ni mmoja kati ya miwili. Ama atakata tamaa na kuacha, ama atatukana.

Sasa tufungue Biblia. Katika kitabu cha Hesabu kuna aina mbili za kulalamika, na ni vizuri tuzione zikiwa karibu karibu. Sura ya 11, watu wako jangwani wanalia kuhusu chakula. Wanakumbuka samaki na matango ya Misri, kila mtu analia mlangoni pa hema yake, lakini hakuna anayeleta hoja wala ombi. Wamesahau hata utumwa waliotolewa. Kilio kile kilimchosha Musa mpaka akaomba bora afe, na Mungu akakasirika.

Sogea hadi sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, na kwa utaratibu uliokuwepo jina lake lilikuwa linapotea pamoja na urithi wake. Nao walikuwa na uchungu, pengine kuliko wale wa matango. Lakini hawakulia mlangoni pa hema yao. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Wakaeleza kisa chao, wakasema wanachotaka. Musa hakuwakaripia, alilipeleka shauri lao kwa Bwana. Na Bwana akajibu kwamba mabinti hao wamesema haki. Sheria ikabadilika kwa ajili yao na kwa vizazi vilivyofuata.

Basi, jibu langu kwa kijana wa bodaboda ni hili: kulalamika si dhambi. Dhambi inaingia pale malalamiko yanapokataa kuwa swali. Anayenung'unika anataka kupunguza hasira yake tu. Anayeuliza anataka jambo litengenezwe, na yuko tayari kusimama hadharani kwa jina lake.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Aprili 2, 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 Kaitaba. Simba ikakata rufaa kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano, na kamati ya saa 72 ikaipa Simba pointi. Viongozi wa Kagera Sugar hawakuishia kulaani redioni. Waliomba uamuzi upitiwe upya, shauri likasikilizwa na kamati nyingine ya TFF, na pointi zikarudi Bukoba. Ule msimu wa nafasi ya tatu ulitegemea pointi hizo: Kagera Sugar ilimaliza na 53, Azam ilikuwa na 52. Timu yenyewe ilinufaika na haki ya kuuliza na kujibiwa. Je, haki hiyo hiyo haiwezi kushuka hadi kwa anayelipa kiingilio na kukaa juani?

Hapa nina neno kwa wanaoongoza timu, yoyote ile. Kisheria, kampuni haidaiwi maelezo na mpita njia. Na tuwatendee haki: kwa miaka yote hiyo kiwanda kimebeba mishahara, kambi na safari ndefu za nchi nzima, wakati mchango wa wengi wetu ulikuwa kelele. Asiyeshukuru hilo hana adabu. Lakini ukichukua jina la mkoa ukalivaa kifuani, umechukua pia deni kwa wenye jina. Nabii Samweli, katika 1 Samweli 12, alipomaliza kazi alisimama mbele ya taifa zima akawaalika wamshtaki: kama alichukua ng'ombe wa mtu, au punda wa mtu, au alipokea rushwa, waseme. Hakuna mahakama iliyomwita, alijiita mwenyewe. Na Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8, alipokuwa akisafirisha mchango wa waumini hakusema "niaminini, mimi ni mtume." Aliweka watu wengine wa kusafiri nao, ili jambo lionekane jema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kiongozi mwadilifu hangoji mawe yarushwe ndipo aeleze.

Sasa geuka nami, mpendwa, tujitazame sisi mashabiki. Hapa patauma kidogo.

Kaitaba ilikuwa ikijaa lini? Ilijaa siku Simba au Yanga inakuja. Na siku hiyo, nusu ya jukwaa lilikuwa jekundu au la kijani na njano. Bao la wageni lilishangiliwa Bukoba kama limefungwa Kariakoo. Siku ya kucheza na timu ndogo ulikuwa unaweza kuchagua pa kukaa, huku vibanda umiza vya Kashai vikiwa vimefurika watu wanaoangalia ligi ya Uingereza, mikeka ya kubeti mkononi. Kuna mama mmoja hapa mtaani anayetembeza karanga na mayai ya kuchemsha uwanjani. Aliniambia, "Mimi nilijua timu inashuka kabla yenu. Karanga zilikuwa zinarudi nyumbani." Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya wachambuzi wengi. Na timu iliposhuka, aliyelipa ni yeye: Simba na Yanga hawakuwa tena na ratiba ya ligi ya kuja Kaitaba, na wenye nyumba za wageni, mama lishe na bodaboda waliikosa ile wikiendi iliyokuwa inalipa ada za watoto.

Hatuwezi kuacha kitu kwa miaka, kisha siku kinapokufa tukadai kuwa wafiwa wakuu. Swali la "nani aliiharibu timu" linapaswa kupita kwangu na kwako pia kabla halijafika ofisini.

Halafu tuingie kanisani, maana ndiko tulikotoka asubuhi hii. Ule mkungu wa ndizi ulionadiwa, fedha yake ilikwenda wapi? Mara ya mwisho ulisomewa lini mapato na matumizi ya mtaa au kigango chako, ukaelewa? Kama ulisomewa na ukauliza ukajibiwa, mshukuru Mungu, na washukuru wazee wako wa kanisa. Kama kila anayeuliza anaitwa mchochezi, basi tusishangae mpira kuwa hivyo. Wanaoongoza viwanda, klabu na halmashauri wamelelewa katika makanisa yetu. Mtu hujifunza kutoa hesabu mahali pa kwanza alipokabidhiwa kapu la sadaka.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, palizuka manung'uniko katika kanisa changa: wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kuwanyamazisha. Badala yake waliita mkutano, wakakiri kwamba kazi imewazidi, wakawaambia watu wenyewe wachague saba wenye sifa njema. Angalia majina ya wale saba: ni majina ya Kiyunani, lugha ya upande uliokuwa ukilalamika. Aliyelia alikabidhiwa ufunguo wa ghala. Baada ya hapo, imeandikwa, idadi ya wanafunzi iliongezeka sana. Malalamiko yaliyosikilizwa yalilikuza kanisa.

Tufanye nini, basi? Vijana wa Kashai, na wa Muleba, na wa popote penye timu inayougua: jiandikisheni. Undeni tawi lenye daftari, mwenyekiti na mweka hazina. Andikeni barua moja yenye maswali matatu, si matusi thelathini. Ombeni kikao na uongozi kabla ya msimu na baada yake. Nunueni tiketi siku ya mechi ndogo, maana mwenye tiketi anasikilizwa kuliko mwenye kelele. Kuinuka kunawezekana: Mtibwa ilishuka mwaka 2024, ikacheza msimu mmoja chini, na mwaka 2025 ikapanda tena.

Na wewe uliyekabidhiwa timu, kwaya, chama cha ushirika au familia, usiogope anayegonga mlango kuuliza. Wale mabinti watano walikuja kwa Musa kwa sababu bado waliamini kwamba haki inapatikana kwake. Ogopa siku watakapoacha kuja.

Kijana wangu wa bodaboda, nimekujibu kwa kirefu. Wiki hii tafuta daftari. Jina la kwanza uandike lako. La pili, andika langu.

Ee Bwana, utufundishe kuuliza bila chuki, na kujibu bila hofu. Amina.

Jumapili njema.