Nge Anaponasa Ndani ya Gamba
Nge mkubwa mweusi wa misitu ya Ghana na Togo hufugwa sana Ulaya na Marekani, na wengi huwafia wafugaji wakati wa kujivua gamba. Mara nyingi mchawi ni hewa kavu: gamba la zamani hukakamaa, miguu na magando yakanasa. Hapo mwenye huruma ya pupa hukimbilia kibano, avute, mguu ukatike. Mwache! Lowesha udongo, funika kisanduku, na uwatoe nyenje walio hai, kwani nge aliyetoka kujivua ni laini, anaweza kutafunwa na chakula chake mwenyewe. Biashara ya kimataifa ya nge huyu inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1995. Kwangu mimi, asiyeweza kutunza unyevu asimnunue.