Dowa yapiga kura, Dzaleka yasubiri amri

Uchaguzi Mkuu wa Malawi wa Septemba 16, 2025 ulimrudisha Ikulu Peter Mutharika wa chama cha DPP kwa karibu asilimia 57 ya kura. Lazarus Chakwera wa MCP, aliyekuwa madarakani tangu 2020, aliambulia asilimia 33. Pamoja na kipigo hicho, mikoa ya kati haikumtupa. Lilongwe na Dowa zilibaki na jogoo wa MCP kama zilivyozoea.

Kwa wenye malori wanaovuka Songwe, na kwa wenye mali Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma wanaokopesha mzigo kwa wateja wa Lilongwe, Dowa si wilaya ya kupita tu. Ndiyo inayobeba kambi ya Dzaleka, kilomita arobaini na kitu kaskazini ya mji mkuu, yenye watu zaidi ya 50,000 katika eneo lililopangwa kwa watu kama 10,000. Wengi ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na lugha ya sokoni ni Kiswahili. Duka la Mrundi pale Lilongwe mara nyingi lina ndugu au mshirika Dzaleka.

Ikumbukwe kuwa Dzaleka ilikuwa gereza, na baadhi ya waliofungwa humo ni wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Banda alishindwa na Bakili Muluzi kitaifa, lakini mikoa ya kati ilimpigia yeye. Kusini ilikwenda na Muluzi, kaskazini ikaenda na Chakufwa Chihana. Ramani hiyo ya mwaka 1994 haijafutika hadi leo.

Wapo wanaosema ni ukabila wa Wachewa basi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mwaka 2009 Bingu wa Mutharika, mtu wa kusini, alipata karibu theluthi mbili ya kura za nchi nzima na kupenya hata baadhi ya maeneo ya kati. Alichopeleka vijijini ni mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2005/06, na mahindi yakajaa ghalani. Mkulima wa Dowa anaishi kwa mahindi na tumbaku. Anampenda jogoo, lakini mfuko wa mbolea anauhesabu. Serikali ya Chakwera nayo ilianza na ruzuku kubwa mwaka 2020, kisha idadi ya wanufaika ikapunguzwa mwaka hadi mwaka. Novemba 2023 kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44, na mafuta yakawa ya foleni. Ngome ilibaki, ila haikutosha kumwokoa.

Sasa, mkimbizi wa Dzaleka hapigi kura. Hapo ndipo penye tatizo la mfanyabiashara. Jirani yake wa kijijini anapiga kura, na mwenye duka mzalendo wa Lilongwe, anayelalamika kuwa wageni wanamharibia bei, naye anapiga. Mgombea anayejua hesabu hataacha kura za hao wawili kwa ajili ya mtu asiye na kadi.

Ushahidi upo. Mwaka 2021 serikali ya Chakwera iliamuru wakimbizi wote warudi kambini, Mahakama Kuu ikasimamisha. Mwishoni mwa Machi 2023 amri ikatolewa tena, mwisho Aprili 15. Mei 17 polisi na wanajeshi wakaingia mitaani Lilongwe, maduka yakafungwa, wenyewe wakapakiwa kwenye magari kwenda Dzaleka, watoto kwa wakubwa. Mwenye mali aliyekopesha sabuni au vitenge kwa mmoja wao alibaki na daftari la madeni tu.

Je, kurudi kwa DPP kunabadili jambo? Historia inasema asitegemee sana. Mwaka 2007, chini ya Bingu, kambi ya Luwani kule Mwanza ilifungwa na wakimbizi wakahamishiwa Dzaleka. Na Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, chini ya Banda na MCP, iliweka masharti kuhusu kazi na uhuru wa kutembea. Vyama vimepokezana madaraka, sera imebaki ile ile. Kilichowahi kuizuia ni mahakama.

Msafirishaji mwenyewe hayuko salama na siasa hizi. Machi 2025, miezi sita kabla ya kura na dola zikiwa adimu, Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, ukiwamo unga na ndizi. Aprili 23 Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikalegeza siku chache baadaye. Mwenye ndizi ndani ya lori alijua maana ya siku chache.

Basi anayekopesha mzigo Lilongwe atazame vitu viwili zaidi ya rangi ya chama. Kwanza, leseni ya duka iko kwa jina la nani, na mwenye jina ana kibali gani cha kukaa nje ya kambi. Pili, msimu. Soko la tumbaku la Kanengo hufunguliwa karibu na Aprili, fedha zikaingia mikononi mwa wakulima, na madeni hulipika. Amri za 2021 na 2023 zote mbili ziliweka mwisho wake mwezi huo huo wa Aprili.