Saa ya Kompyuta Nayo Ikaguliwe Kama Mizani

Mfanyabiashara wa nafaka akikutwa na mizani isiyo na muhuri wa Wakala wa Vipimo, huwa matatani. Lakini dalali wa hisa anaweza kurekodi maagizo ya wateja kwa kompyuta ambayo saa yake haijakaguliwa na yeyote, na ni wateja wachache wanaouliza. Kwa maoni yetu, pengo hilo lizibwe.

Saa za kompyuta hupotoka kwa sababu nyingi. Isiyofahamika sana ni ya prosesa kubadili kasi. Ili kuokoa umeme na kupunguza joto, prosesa hupunguza mwendo kazi inapokuwa ndogo. Intel ilileta utaratibu huo, SpeedStep, mwaka 2000. Tangu Pentium ya mwaka 1993, prosesa zake zilikuwa na kihesabio cha mapigo ambacho programu nyingi zilikitumia kupima muda. Kasi ilipobadilika, kihesabio nacho kilibadilika. Prosesa ikishuka kutoka megahetsi 2,000 hadi 800, programu isiyojua mabadiliko hayo itahesabu dakika 24 tu katika saa nzima.

Prosesa za kisasa zimeondoa tatizo hilo. Za Intel zilizoanza kutoka mwaka 2008 zina kihesabio kisichofuata kasi. Linux nayo hukipima kihesabio, na ikikitilia shaka hutumia saa nyingine, ingawa huchelewa zaidi kusomwa. Hata hivyo, anayenunua kompyuta kuukuu hununua na kasoro zake.

Wapo wanaosema NTP, utaratibu wa kusahihisha saa kupitia mtandao uliobuniwa na David Mills, unatosha. Unasaidia sana, lakini kwa kawaida marekebisho yake ya polepole hayazidi sekunde 43 kwa siku. Upotofu ukizidi hapo, saa hulazimika kurushwa ghafla. Ikirudishwa nyuma, kumbukumbu zinaweza kuonyesha hisa ziliuzwa kabla agizo halijapokelewa. Bei ikiwa imeanguka katika dakika hizo, nani atabeba hasara?

Wenzetu wamekwisha kuamua. Ulaya, tangu Januari 3, 2018, makampuni yanayofanya biashara kwa kasi kubwa hayaruhusiwi kupotoka zaidi ya mikrosekunde 100. Marekani, FINRA inataka saa za kompyuta za wanachama wake zisipotoke zaidi ya milisekunde 50.

Hatusemi kila soko dogo livae viatu hivyo. Gharama yake ni kubwa. Tunachosema ni kwamba kila dalali awe na kiwango kilichoandikwa, alinganishe saa zake kila siku kabla ya soko kufunguliwa, na atunze kumbukumbu za ulinganishaji huo. Mteja naye aombe kuziona. Akiibiwa kwa mizani, atapima tena nyumbani na kugundua. Akipunjwa kwa saa, hana pa kupimia.