Leso Nayo Ilikuwa Viraka

Kuna hukumu moja ambayo wapenzi wa sanaa wa Pwani huitoa kwa wepesi mno: kwamba kitambaa cha viraka ni alama ya ufukara, na kwamba aliyekishona alitaka kujifunika tu, basi. Hukumu hiyo huwa nzito zaidi pale mshonaji anapokuwa mwanamke wa bara ya mbali, wa Kibondo au Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Mfarishi wake ukifika mjini huitwa "kazi ya mikono". Ukiwa umetoka jirani na kambi ya wakimbizi, hununuliwa kwa huruma. Hakuna anayeuliza kama ni mzuri.

Swali hilo ndilo linalostahili kuulizwa.

Ni kweli kwamba usiku wa Buha una baridi, na mfarishi huko una kazi ya kufanya. Lakini na atazamwe mwanamke anayeushona. Vitambaa vyake ni mabaki ya vitenge yaliyoanguka chini ya vyerehani vya mafundi sokoni. Huyafua, huyakata, kisha huyapanga juu ya mkeka kabla ya kushika sindano. Chekundu kikikaribiana na chekundu, hukiondoa. Kipande cha buluu hukihamisha mara tatu. Huunganisha vipande kuwa mistari, na mistari kuwa shuka. Huweka blanketi kuukuu katikati na bitana chini, hupiga bandi ili tabaka zisihame, halafu hushona na kukunja pindo. Siku ya kumaliza huutandika kitandani, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama. Huona pale rangi zilipoitikiana, akatabasamu. Huona na kona iliyopinda, akaguna.

Wako watakaosema hayo ni majivuno. La hasha! Mshairi anayezighani beti zake peke yake ili apime vina na mizani haambiwi kwamba anajivuna. Huambiwa anaijua kazi yake. Na mtu ambaye haja yake ni joto pekee hawezi kuhamisha kipande kimoja mara tatu, kwani kipande hupasha joto popote kiwekwapo. Msomaji aliyelelewa na ukwapi na utao angepaswa kuwa wa kwanza kutambua kwamba kipande cheusi kinachorudi mwishoni mwa kila mstari kinafanya kazi ya kina.

Ajabu ni kwamba dharau hii inatoka Pwani, ambako kiraka kimezaa vazi linaloheshimiwa kuliko yote. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mkononi zilizokuja na jora zima, wakakata sita, wakazigawa tatu tatu, wakazishona pamoja, safu juu ya safu, wakapata nguo moja. Ndiyo maana kanga huitwa leso hadi leo, jina lililotokana na Kireno. Pindo, mji na maneno yake vilifuata baadaye. Na mtepe, je? Chombo kile hakikupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vingine vimeshonwa.

Dharau hii ina asili yake. Ukoloni uliifanya Buha kuwa hazina ya vibarua. Wanaume wa Kiha walisafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga wakiitwa manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuajiri watu wa namna hiyo. Pwani ikamjua Muha kwa mgongo wake, haikumjua kwa jicho lake. Baadaye mkoa huo ukajulikana kwa kambi: Nyarugusu ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta ya Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwao. Mwenyeji na mgeni wakaandikwa katika daftari moja la misaada, na kazi za mikono yao zikaandikwa humo humo.

Marekani nayo ilichelewa kuona. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, wazao wa watumwa, walishona mifarishi kwa vizazi kutokana na nguo kuukuu za kazi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ikaonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney mjini New York. Mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta. Viraka vilikuwa vilevile. Waliobadilika ni watazamaji.

Basi wanunuzi, waandaaji wa maonyesho na wahakiki wa Pwani wasingoje karne ipite. Mfarishi wa Kibondo na uandikiwe jina la mshonaji akiridhia, ulipwe kwa thamani ya kazi, na uhakikiwe kama kazi yoyote ya sanaa, hata kwa kuambiwa kwamba pindo lake limezidi rangi. Sifa ya huruma ni tusi lililopakwa asali, maana humnyima msanii hata haki ya kukosolewa.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Mwanamke wa Kasulu, aliyesimama hatua mbili kutoka kitandani akiitazama kazi yake, amekwisha kujitunza. Deni lililobaki ni la wengine.