Wachoraji chipukizi mtandaoni: Waruhusiwa kufanya kazi, wazuiwa kulipwa

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya kuchora kwa kuagizwa si ngeni jijini Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza picha zake mwaka 1968 nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, akitumia vibao vya masonite na rangi za kupakia baiskeli, wengi wa wateja wake walikuwa wageni. Tofauti ni kwamba mteja wake alisimama mbele yake, akachagua, akalipa taslimu na kuondoka na picha kwapani.

Mteja wa leo huenda yuko Toronto au Manchester, na mchoraji ni mwanafunzi wa kidato cha tatu anayechora kwa kidole kwenye simu aliyoazima kwa mama yake. Anaagizwa sura ya mhusika wa katuni, jalada la wimbo, au picha ya mbwa wa mtu asiyemfahamu. Kazi hutumwa ikiwa faili, bila posta wala ushuru.

Kinachokwamisha wengi wao si kipaji, wala si kukosa wateja. Ni njia ya fedha kufika.

Kampuni ya PayPal, ambayo wateja wengi wa Ulaya na Marekani huizoea, huwataka wenye akaunti wawe wametimiza miaka 18. Isitoshe, akaunti zilizofunguliwa Tanzania zimekuwa kwa miaka mingi zikiweza kununua na kutuma fedha, lakini si kupokea. Kikwazo hiki kinamhusu hata mchoraji mwenye miaka 40, jambo linalosahauliwa kila mara tatizo hili linapoitwa la watoto. Jirani zetu wa Kenya wana nafuu, kwani tangu mwaka 2018 fedha za PayPal zinaweza kuhamishiwa M-Pesa.

Njia inayobaki kwa kijana wa Tanzania ni fedha kutumwa moja kwa moja kwenye simu. Hapo napo kuna ukuta. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, laini hufungwa na kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo malipo hupitia laini ya mzazi, ya mjomba, au ya kaka fulani wa mtaani anayejua mambo ya mtandao na ambaye hukata fungu lake kabla ya kukabidhi kilichosalia, kama atakabidhi.

Sheria zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto aliyefikia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Kuchora baada ya kumaliza kazi za shule kunaingia humo bila ubishi mkubwa. Lakini Sheria ya Mikataba, iliyorithi mengi kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, inamtambua mwenye umri wa utu uzima pekee kuwa na uwezo wa kufunga mkataba, na makubaliano ya asiye na uwezo huo huhesabiwa kuwa batili. Wanaowashauri vijana hawa waandike mkataba na mteja wanasahau kifungu hicho. Mkataba wenye nguvu ni ule uliosainiwa na mzazi akiwa ndiye muuzaji.

Kenya, ambako mikataba hufuata sheria ya kawaida ya Uingereza, mtu mzima hawezi kwa urahisi kukimbilia umri wa mtoto ili akwepe kulipa. Hata hivyo, huko kuna mtego mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Kijana wa Mombasa aliyechora nembo kwa dola 10 anaweza kuiona juu ya fulana elfu moja na asiwe na la kudai. Sentensi moja kwenye ujumbe wa makubaliano, inayosema picha ni ya matumizi binafsi tu, ingebadilisha hali hiyo.

Kuna na hatari ya fedha kurudi zilikotoka. Mnunuzi wa PayPal ana hadi siku 180 za kufungua malalamiko kuhusu malipo. Fedha iliyopokelewa Januari na kutumika kulipia sare inaweza kudaiwa Juni, wakati picha imekwisha kutumwa na haiwezi kurudishwa. Wazoefu huchukua nusu ya malipo kwanza, huonyesha rasimu yenye ubora hafifu na alama juu yake, na hutoa faili kamili baada ya kumaliziwa fedha. Pia hutunza kila ujumbe.

Bei nazo zinawaponza. Dola 5 huonekana nyingi zikigeuzwa kuwa shilingi, lakini picha iliyochukua saa 10 imemlipa kijana nusu dola kwa saa, kabla ya kutoa gharama za bando na makato.

Tangu mwaka 2022, programu za kompyuta zinazotengeneza picha kwa maelezo ya maneno zimechukua sehemu ya soko hilo la chini, hasa picha ndogo za utambulisho na majalada ya haraka, kazi zile zile ambazo mchoraji chipukizi huanzia. Baadhi ya wateja sasa hudai kuonyeshwa hatua za uchoraji ili wathibitishe kuwa mkono wa mtu ndio uliofanya kazi. Anayemchora bibi wa mteja akiwa na khanga yake ileile bado ana nafasi, kwa kuwa mteja anaijua sura hiyo na hatakubali ifananefanane tu.

Safaricom ilizindua mwaka 2022 huduma ya M-Pesa kwa watoto wa miaka 10 hadi 17 nchini Kenya, chini ya usimamizi wa mzazi. Huduma ya namna hiyo, ikiunganishwa na njia halali ya kupokea malipo kutoka nje, ingemwondoa yule kaka wa mtaani katikati. Uamuzi wa kwanza uko kwa Benki Kuu na kampuni za simu. Wa pili uko nyumbani, kwa mzazi ambaye laini yake ndiyo benki ya mtoto, aamue kama fedha ile itaandikwa daftarini kwa jina la aliyeichumia au itaishia kwenye umeme na mchele.