Vijana tunakimbiza tenda, meza ya ununuzi hatuijui

Uliza vijana kumi mtaani wanataka kufanya nini mwaka huu na hutakosa wawili watakaokujibu, "Tenda." Tenda ya nini, hawasemi. Iwe ya maziwa, ya toner, ya kufagia soko, bora tu iwe ya serikali. Tumelelewa tukiona magari makubwa ya watu ambao hakuna anayejua biashara yao, na mtaa mzima una jibu moja: huyo ni mtu wa tenda.

Lakini sijawahi kumsikia kijana akisema anataka kuwa yule anayekaa upande wa pili wa meza. Afisa wa ununuzi. Yule anayeandika kwamba kaunti inahitaji viti 200 vya shule, vya urefu gani, mbao gani, na bei yake sokoni ni ngapi. Kwetu huyo ni karani tu, au mwizi, kutegemea umesoma habari gani wiki hiyo. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi vijana wanafaa kuipigania zaidi ya tenda yenyewe. Asilimia 30 tunayoimbiwa kila kampeni inategemea mtu huyo kuliko mwanasiasa yeyote.

Nilisomea ununuzi na ugavi mihula mitatu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo sijiiti mtaalamu. Ila binamu yangu alimaliza, na amefanya kazi hiyo serikalini miaka sita sasa. Mengi ninayojua kuihusu nimeyasikia kwake Jumapili mchana, akiwa amezima simu. Simu huzimwa kwa sababu, nitaifikia.

Kwanza, kazi yenyewe. Kabla tenda haijatangazwa, afisa huyu anafaa kuwa ameshaandaa mpango wa ununuzi wa mwaka mzima unaolingana na bajeti. Anachunguza bei za soko. Anaandaa stakabadhi za zabuni. Zabuni hufunguliwa mbele ya waliozileta, kamati inazitathmini, kisha mkuu wa ununuzi anaandika kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukisikia: maoni ya kitaalamu. Ni karatasi inayomwambia bosi wa taasisi kama tathmini ilifuata sheria au la. Imo kwenye Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Karatasi hiyo ikiandikwa na mtu anayejua kazi na asiyeogopa, tenda chafu inaweza kukwama hapo hapo.

Mnakumbuka wilbaro za Bungoma? Mwaka wa 2015 kaunti ilinunua wilbaro kumi kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja. Tulicheka nchi nzima. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu na kisicholeta saratani. Watu walishika bei peke yake, na bei ilikuwa kichekesho kweli. Lakini sikiliza vizuri ule utetezi: ni lugha ya vipimo. Mtu akiandika kwenye stakabadhi kwamba wilbaro lazima iwe ya chuma cha aina fulani, bei inapata pa kujificha hata kabla muuzaji hajajitokeza. Pesa nyingi za umma hupotea kwenye ukurasa ule wa vipimo, ambao hatuusomi kwa sababu hauna jina la mtu wala picha ya V8.

Sasa hiyo simu. Binamu yangu anasema shinikizo haliji kwa barua. Linakuja kwa sauti ya upole: "Msichana wangu, hiyo ya vifaa vya usafi mheshimiwa ameiulizia." Basi. Hakuna aliyemwamuru kitu. Akikubali, sahihi ni yake. Wapelelezi wa EACC wakifika, hakuna karatasi yenye jina la mheshimiwa, kuna karatasi yenye jina la afisa wa mshahara wa kawaida na mtoto wa chekechea. Akikataa, wiki ijayo anahamishwa kwenda kuhesabu magurudumu kwenye stoo. Ndiyo maana yeye hujibu kila kitu kwa maandishi: "Kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi..." Anasema sentensi hiyo imemwokoa mara mbili. Imempotezea marafiki pia, lakini hilo halioni kama hasara kubwa.

Na wanaompigia si wakubwa peke yao. Sisi pia. Tunalalamika kwamba tenda zinaenda kwa watu wanaojuana, halafu jioni tunatafuta namba ya binamu wa mtu aliye ofisini. Wacha tuwe wakweli hapo.

Turudi kwa asilimia 30. Mpango wa AGPO ulianza 2013, na sheria inataka angalau asilimia 30 ya ununuzi wa umma itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ili uingie kama kijana, angalau asilimia 70 ya kampuni iwe mikononi mwa wenye miaka 18 hadi 35, na uongozi wote uwe wao. Cheti hulipii. Dhamana ya benki kwenye zabuni pia huitishwi, unajaza fomu ya kiapo tu. Kwa maandishi, ni mpango mzuri sana, na siungani na wanaosema ufutwe.

Shida inaanza ukishashinda. Rafiki yangu mmoja alipata LPO ya kupeleka vifaa vya ofisi katika taasisi moja ya umma. Ilikuwa Juni. Wanaojua serikali wanajua Juni: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na ofisi zilizolala tangu Septemba zinaamka zikitaka kumaliza pesa. Alikopa kwa mkopeshaji wa mtaani, yule wa riba ya kila mwezi, akapeleka mzigo, akatiwa sahihi ya kupokelewa. Julai akaambiwa bajeti ya mwaka uliopita imefungwa, deni lake litahakikiwa. Hakuna aliyesema mzigo ni mbovu. Mkopeshaji naye hajui kitu kinaitwa mwaka wa fedha. Alichukua pikipiki, kisha friji ya mamake.

Hapo ndipo ninapomtetea afisa wa ununuzi ambaye watu humwita mkatili. Sheria inasema taasisi isianze ununuzi kabla haijahakikisha kwamba pesa zimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Afisa anayekwambia "hakuna pesa, sikuandikii LPO" amekufanyia hisani kuliko yule anayekuandikia haraka haraka ukafurahi ukapiga picha. Kijana wa tenda anafaa kuuliza maswali mawili kabla ya kukopa hata shilingi. Je, kitu hiki kimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka huu? Na je, LPO hii imetoka kwenye mfumo wa IFMIS, au mtu ameandika tu kwa kalamu kwenye kitabu? Ukijibiwa kwa hasira, umejibiwa.

Na ukikosa tenda, usiishie kulia kwenye WhatsApp. Una haki ya kupewa barua inayosema nani ameshinda na kwa nini wewe umekosa. Kama kuna mchezo, una siku 14 kwenda kwa bodi ya malalamiko ya ununuzi, PPARB, nayo ina siku 21 kuamua. Kampuni kubwa zina mawakili wanaohesabu siku hizo. Vijana wengi huja kuzijua zikiwa zimeisha. Ni kweli ada zake si za mtu wa mfuko mdogo, na hilo ni jambo ambalo wabunge wanaojiita sauti ya vijana wangeshughulikia kesho asubuhi wakitaka.

Sasa hivi wimbo ni kwamba ununuzi wote uhamie mtandaoni na ufisadi utaisha. Sawa, ije. Mtandao utapunguza bahasha zinazopotea na milango ya ukumbi inayofungwa dakika tano kabla ya saa. Lakini kompyuta haitajua kwamba wilbaro haihitaji chuma cha hospitali. Haitaandika yale maoni ya kitaalamu, wala kumwambia mheshimiwa hapana.

Hiyo itafanywa na mtu. Wenzangu mnaosomea ununuzi na ugavi mkidhani mmeingia kozi ya kuwapa "njia" ya tenda, jisajilini na KISM, chukueni leseni, mkae kwenye hiyo meza. Bunge nalo liwape ulinzi wa maana: afisa aliyeandika maoni ya kupinga tenda asihamishwe mpaka itolewe sababu kwa maandishi. Sioni ugumu wake.

Na malipo yawe ya foleni. Aliyepeleka mzigo kwanza alipwe kwanza, na orodha ibandikwe hadharani kila mwezi: LPO namba fulani, ilipokelewa tarehe fulani, imelipwa au haijalipwa. Kaunti zetu hutuita ukumbini kutoa maoni kuhusu bajeti. Sisi huenda, tunapewa soda, tunasaini daftari. Safari ijayo tuulize orodha hiyo iko wapi kabla ya soda kufunguliwa.